Wasomao Mawazo ya Watu

Katika nchi za Ulaya na Marekani uko mchezo mmoja ambao watu hulipa fedha kwenda kuutazama. Mtu husimama jukwaani, humwita mmoja wa watazamaji asiyepata kuonana naye, kisha humtajia jina alifikirilo moyoni, au neno aliloliandika katika karatasi na kuikunja. Watu hupigwa na bumbuazi. Wengi huuliza, Je, mtu huyu ana uwezo gani? Sisi twaona yafaa kuuliza kwanza, Ametoka wapi hata akafika hapo?

Njia zao ni tatu. Wako waliotoka katika mazingaombwe, wako waliotoka katika elimu ya nafsi iitwayo saikolojia, na wako waliotoka katika kusoma viganja na kuagua. Tena mara nyingi mtu mmoja huzipita zote.

Njia ya mazingaombwe ni ya zamani. Mmarekani mmoja, Washington Irving Bishop, alikuwa akifichiwa pini, akifungwa macho, kisha akimshika mkono mtu ajuaye ilipofichwa, na kuiendea. Mwaka 1881 wataalamu wa London, nao ni George Romanes, Francis Galton na wenzao, walimpima, wakaona kwamba hasomi mawazo hata kidogo. Mkono wa yule ajuaye husukuma na kuvuta pasipo mwenyewe kujua, na Bishop aliufuata mkono. Msomaji aweza kulijaribu jambo hili na watoto wake. Stuart Cumberland, Mwingereza aliyecheza mchezo ule ule, aliwaambia watu waziwazi kwamba ni mkono tu. Kwa hiyo twampa Cumberland heshima kubwa.

Harry Houdini sifa yake ilikuwa kujifungua katika pingu na minyororo. Lakini alipokuwa kijana maskini, karibu na mwaka 1898, alizunguka na mkewe katika miji midogo ya Kansas, akijitangaza kuwa aleta habari za wafu. Habari hizo alizipata kwa kusoma mawe ya makaburi na kusikiliza porojo za mji. Mwaka 1913 mama yake mwenyewe alifariki, naye akaionja ile huzuni aliyokuwa akiifanyia biashara. Mwaka 1922, huko Atlantic City, mke wa Arthur Conan Doyle, mtungaji wa hadithi za Sherlock Holmes, alimwandikia kurasa nyingi, akisema kwamba ni maneno ya mama yule. Juu ya ukurasa palikuwa na alama ya msalaba, na barua yote ilikuwa kwa Kiingereza. Mama yake Houdini alikuwa Myahudi, mke wa rabi, naye alisema na mwanawe kwa Kijerumani. Bibi Doyle hakutaka fedha, wala hatudhani alikusudia kudanganya, aliamini. Houdini aliwaandama watu wa kazi hiyo mpaka mwaka 1926, alipotoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na wengine wakamwona mkali kupita kiasi. Sisi hatumlaumu kwa ukali huo. Twamlaumu kwa habari ya Kansas, nayo aliijutia mwenyewe.

Katika siku zetu njia ya saikolojia ndiyo inayopendwa. Derren Brown wa Uingereza alisomea sheria na Kijerumani katika Chuo Kikuu cha Bristol. Huko alimwona mtu alazaye watu kwa maneno, akavutwa na kazi ile. Katika ujana wake alikuwa Mkristo mwenye bidii, kisha akaiacha imani, jambo tulisikitikialo. Tangu mwaka 2000 ameonekana katika televisheni, naye husema kwamba kazi yake ni mchanganyiko wa mazingaombwe, ushawishi, saikolojia, kupoteza macho ya watu na ufundi wa jukwaani. Hayo ni maungamo mazuri. Lakini tuna neno juu ya mtindo wake. Mchezaji asemapo kwamba amelijua neno lako kwa kukutazama usoni, huenda amelijua kwa ujanja wa karatasi wa siku nyingi, na saikolojia ni pazia tu. Zamani pazia lilikuwa mizimu, sasa limekuwa elimu. Mtazamaji arudiye nyumbani akidhani amefundishwa kusoma nyuso amedanganywa mara mbili.

Sasa njia ya tatu, nayo ndiyo ituhusuyo zaidi. Ray Hyman, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa kijana wa mazingaombwe. Ili aongeze kipato akaanza kusoma viganja, naye mwanzoni hakuamini hata kidogo. Lakini kila aliyemsomea alistaajabu na kusema, Umenijua! Miaka michache ikapita, na sifa za wateja zikamgeuza akawa muumini kamili wa mistari ya mkono. Kumbukeni kwamba hakuna aliyemfundisha imani ile ila wateja wenyewe.

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia huko Los Angeles, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wakaombwa wayape alama tangu 0 hata 5. Wastani ulikuwa zaidi ya 4. Kumbe wote walipewa karatasi moja, na maneno yake mengi yalitolewa katika kitabu cha nyota kiuzwacho njiani: kwamba wapenda kupendwa, kwamba wajilaumu, kwamba una uwezo ambao hujautumia. Nani asiye hivyo?

Nasi tusiwacheke wanafunzi wale. Mpiga ramli asemapo na watu wake, wao huitikia, Taire! Asikilizaye vema atasikia kwamba taire moja ni hafifu na nyingine ni ya nguvu. Mpiga ramli naye husikia, akaiacha njia ya kwanza na kuifuata ya pili. Mwishowe mteja hutoka akisema ameambiwa yote, na fedha ya ada ya shule imekwisha kutoka mfukoni.

Aliyemwamsha Hyman ni Stanley Jaks, msoma mawazo wa jukwaani. Alimshauri kwa upole ajaribu kuwaambia wateja kinyume cha yale yasemwayo na mistari. Hyman akafanya hivyo, na wateja wakastaajabu vile vile kama zamani. Baadaye alikuwa mtaalamu wa saikolojia, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Oregon, na mwaka 1977 akatoa makala ya kueleza jinsi mgeni awezavyo kuaminiwa kwamba akujua. Watu humsifu Hyman, na ni haki yake. Lakini sisi twamtaja Jaks kwanza, kwa kuwa yeye alikula kwa kazi ile ile, na angaliweza kunyamaza.