Shibiri za Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini Matondoni, na mara moja tu maishani mwake alitoka Lamu kwenda nchi ya baridi. Binti yake aliyeolewa Leicester alimwalika, nami wakati huo nilikuwa nikisoma Newcastle. Mwezi wa Juni akanijia kwa treni, kofia ya vito kichwani, amevaa koti la mkwewe lililompwaya mabegani.

Nilitaka kumwonyesha kitu kisichokuwako kwetu. Nikampeleka Seahouses, bandari ndogo ya Northumberland, ambako watu hupanda boti kwenda visiwa vya Farne kutazama ndege na sili. Juni ndio wakati wake. Pafini huwa wamo mashimoni wakilea makinda, na Agosti ikiingia karibu wote wamesharudi baharini. Tuliwaona wakipita juu yetu, wafupi, mabawa mbiombio, visamaki vyembamba vimening'inia pande zote mbili za mdomo. Sili walilala mwambani wakitutazama kama wenye nyumba. Kwenye kisiwa cha Inner Farne buabua walitudonoa utosini, maana viota vyao viko kandokando ya njia. Nilimweleza Mjomba kwamba ndege hawa wakiondoka hapo huenda hadi barafu ya kusini mwa dunia, kisha hurudi. Akashika kofia yake, akawaangalia kwa heshima. "Mabaharia," akasema.

Lakini moyo wake haukuwa kwa ndege. Tangu tulipong'oa nanga alikuwa akigeuka kutazama bandarini, na boti iliporudi alikuwa wa kwanza kushuka. Kulikuwa na chombo cha mbao kilichopandishwa nchi kavu, na mzee mmoja akikifanyia kazi peke yake.

Watu wa pwani ile wanakiita koble. Omo yake imeinuka juu na kuzama chini, ikate wimbi; huku nyuma chini ni bapa. Mbao zake zimelaliana kama magamba ya samaki. Mjomba alikizunguka mara mbili bila kusema neno, akachuchumaa, akatazama tumbo lake, akaniambia: "Hiki si chombo cha gati, mwanangu. Hiki kimejengewa ufuko. Kinaingia mchangani kwa tezi, omo inabaki kuitazama bahari." Hakuwahi kukiona chombo cha namna ile. Nilimuuliza mzee, akatikisa kichwa kukubali, kisha akatuonyesha usukani: mrefu, unashuka chini kuliko chombo chenyewe, huchomolewa kabla ya kutua.

Siku ile mzee alikuwa akibadilisha ubao mmoja, na kazi ilikuwa imemkwamia. Misumari yake ni ya shaba. Hupigwa kutoka nje ikapenya mbao mbili zinapolaliana, kisha mtu wa ndani huvika kisahani cha shaba kwenye ncha, akaikata, akaiponda mpaka ikae. Wakati anaponda, mwingine awe nje amekandamiza chuma juu ya kichwa cha msumari, la sivyo msumari unarudi. Mtu wa pili hakuwapo. Mjomba aliliona hilo kabla sijalielewa. Alivua koti, akanipa, akakiokota kile chuma, akakiegemeza kwenye msumari wa kwanza. Akagonga ubao mara moja kwa kifundo cha kidole. Kutoka ndani tukasikia nyundo ikimjibu.

Walifanya kazi hivyo saa nzima na zaidi, mmoja ndani mmoja nje, wasionane uso. Kifundo cha kidole kiligonga, nyundo ikajibu, wakahamia msumari mwingine. Mimi niliyejua lugha zote mbili nilisimama na koti mkononi, sina wa kumfasiria. Mara moja tu Mjomba alinituma neno: michoro ya chombo iko wapi? Mzee alitoa kichwa nje, akaweka kidole chini ya jicho lake. "Usinifasirie," Mjomba akasema, "nimemsikia."

Baadaye, tukinywa chai, mzee alieleza kwamba koble huanza kwa mbao. Mataruma hutiwa ndani baadaye, yakichongwa kufuata umbo ambalo jicho limekwisha kuliamua. Mjomba alinyamaza kidogo. Hivyo ndivyo mitepe ilivyojengwa kwetu, mbao zikishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, mataruma yakija mwisho. Mgiriki mmoja wa karne ya 1 aliandika habari za vyombo vya kushonwa vya pwani yetu. Mjomba hakuwahi kuuona mtepe ukitembea. Alihadithiwa na babu yake.

Mzee naye alikuwa na yake. Katika miaka ya 1990 serikali ya Uingereza iliwalipa wavuvi waache uvuvi, samaki wapumzike, na sharti likawa chombo kiharibiwe. Alisema alisimama akitazama mashine ikikivunja kilichomchukua majira yote ya baridi kukijenga. Sipingi samaki kupumzishwa, lakini nashindwa kumwelewa aliyeona ubao una hatia. Koble nyingine tulizipita barabarani jioni ile, zimejazwa udongo na maua mbele ya hoteli.

Moja imehifadhiwa vizuri. Mwendo mfupi kutoka hapo, Bamburgh, ipo ile ambayo Grace Darling na baba yake, mlinzi wa mnara wa Longstone, waliivuta kwa makasia tarehe 7 Septemba 1838 kuwaokoa watu wa meli Forfarshire iliyovunjikia mwambani. Nilimsomea Mjomba habari za binti yule kwa kirefu. Alisikiliza, akamwombea rehema, kisha akauliza: "Na fundi?" Sikuwa na jibu.

Kabla hatujamuaga mzee, Mjomba alimwomba ruhusa akapima chombo kwa shibiri, kutoka omo hadi tezi, kisha upana, kisha kina cha tumbo. Alitaja, nami nikaandika nyuma ya tiketi ya visiwani. Alisema atajenga kimoja Matondoni, cha kutua ufukoni Shela wakati wa kusi. Hakukijenga. Nahodha waliokuwa wakimngoja miezi sita wapate zamu sasa hununua boti za faiba zilizomiminwa kwenye kalibu, zote sura moja, zikipasuka hutupwa mikokoni. Tezo yake iko kwa mwanawe, imefungwa kwenye gunia.

Tiketi ninayo. Nimejaribu kukipima chombo kile upya, kwa chaki, kwenye sakafu ya ukumbi wetu, shibiri baada ya shibiri kama alivyotaja. Mkono wangu ni mdogo kuliko wake. Kila nikipima, chombo kinatoka kifupi.