Faksi Bila Mashine ya Faksi: Uchambuzi wa Mfumo wa HylaFAX

Kutuma na kupokea faksi kwa kompyuta zilizounganishwa katika mtandao mmoja ni kazi mbili zinazofanana kwa nje lakini zinazotofautiana kabisa kwa ndani. Kutuma ni suala la foleni, yaani kuzipanga kazi za watu wengi ili zipite kwa zamu katika laini chache za simu, ilhali kupokea ni suala la anwani, yaani kumtambua mtu anayehusika na waraka ulioingia. Tofauti hiyo inadhihirika vizuri katika HylaFAX, mfumo ulioandikwa na Sam Leffler mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipokuwa katika kampuni ya Silicon Graphics nchini Marekani, ambao awali uliitwa FlexFAX, na ambao ulitolewa bure pamoja na msimbo wake kwa ajili ya kompyuta zinazoendeshwa kwa Unix. Leffler alikuwa mmoja wa wahandisi walioijenga Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ndiye pia aliyeandika libtiff, maktaba ya programu inayosoma na kuandika picha za muundo wa TIFF. Ujuzi huo wa aina mbili, wa mifumo ya uendeshaji na wa picha, ndio hasa uliohitajika katika kazi hii.

Ili kuelewa kilichofanyika, ni lazima kwanza ieleweke mashine ya kawaida ya faksi inafanya nini. Viwango vya kimataifa vya faksi ya Kundi la 3, vilivyopitishwa mwaka 1980, vimegawanyika katika sehemu mbili: kiwango cha T.4, kinachoeleza namna picha ya ukurasa inavyoandikwa kwa biti, na kiwango cha T.30, kinachoeleza mazungumzo ambayo mashine mbili hufanya kabla ya ukurasa kusafirishwa, wakati unaposafirishwa na baada ya hapo. Kwa mujibu wa T.4, kila mstari wa ukurasa wa A4 una nukta 1728, ambazo ni nyeusi au nyeupe tu, na kila milimita ya urefu wa ukurasa ina mistari 3.85 kwa ubora wa kawaida au 7.7 kwa ubora wa juu. Hesabu hiyo inaufanya ukurasa mmoja wa ubora wa kawaida uwe na karibu nukta milioni mbili, kiasi ambacho kingechukua takribani dakika tatu na nusu kupita katika laini ya simu kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, iwapo kila nukta ingetumwa peke yake. Kwa sababu hiyo nukta hazitumwi moja moja, bali huhesabiwa kwa mafungu ya rangi moja yanayofuatana, na kila fungu hupewa msimbo wake, mfupi kwa mafungu yanayotokea mara nyingi na mrefu kwa yale ya nadra. Mstari mzima mweupe wa nukta 1728, kwa mfano, huandikwa kwa biti 17 pekee, zikifuatwa na biti 12 za kuonyesha kwamba mstari umekwisha.

Katika ofisi yenye mashine ya faksi, waraka uliotungwa kwa kompyuta ulichapishwa kwanza kwenye karatasi, ukapelekwa kwenye mashine, ukasomwa upya kwa mwanga na kugeuzwa tena kuwa nukta, kwa hiyo herufi zilizokuwa safi katika kompyuta zilifika upande wa pili zikiwa zimepinda au kuchakaa. HylaFAX iliiondoa safari hiyo ya karatasi kwa kuitazama faksi kama aina ya printa iliyoko mbali. Mtumiaji alitoa amri moja, sendfax, akitaja namba ya simu na faili, ambalo kwa kawaida lilikuwa la PostScript, lugha ileile ambayo programu zilitumia kuzungumza na printa. Programu hiyo ililipeleka faili kwa njia ya mtandao hadi kwenye seva, yaani kompyuta moja yenye modemu, kifaa kinachogeuza biti za kompyuta kuwa milio inayoweza kupita katika laini ya simu. Mazungumzo kati ya kompyuta ya mtumiaji na seva yalifuata itifaki iliyojengwa juu ya FTP, itifaki ya zamani ya kuhamisha mafaili, na kuongezewa amri za kufungua kazi mpya, kuipa masharti na kuiingiza katika foleni. Kutokana na mpangilio huo, ofisi yenye kompyuta nyingi haikuhitaji modemu nyingi wala laini nyingi, na kompyuta ya mtumiaji haikuhitaji kujua lolote kuhusu simu.

Swali gumu la kwanza lilikuwa wakati wa kuugeuza waraka wa PostScript kuwa nukta. Kazi hiyo, iliyofanywa na programu kama Ghostscript, ilichukua muda, na kuifanya wakati simu imeshapokelewa kungeongeza gharama ya simu na kuhatarisha mawasiliano, kwa kuwa mashine ya upande wa pili haisubiri bila kikomo. HylaFAX kwa hiyo iliugeuza waraka kabla ya kupiga simu. Hata hivyo, uamuzi huo ulizaa tatizo jingine, kwa sababu uwezo wa mashine ya mpokeaji, kama vile upana wa karatasi yake, ubora inaoweza kuupokea na kasi yake ya juu, hutangazwa na mashine hiyo yenyewe mwanzoni mwa simu, wakati ambapo waraka umekwisha kuandaliwa. Suluhisho lilikuwa kumbukumbu: seva iliweka faili dogo kwa kila namba iliyowahi kupigiwa, ikaandika humo yote iliyojifunza kuhusu mashine ya namba hiyo, na safari iliyofuata ikauandaa waraka kulingana na kumbukumbu hizo. Kwa namba mpya mfumo ulianza kwa makadirio, na pale makadirio yalipokinzana na hali halisi, waraka uliandaliwa upya.

Mfano mmoja wa masharti ambayo mashine ya mpokeaji ilitangaza unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mashine nyingi za zamani zilichapa mstari mara tu ulipofika, na kwa kuwa kichwa cha kuchapia na mota ya karatasi vilihitaji muda, mashine hizo zilidai kila mstari uchukue angalau muda fulani, mara nyingi milisekunde 20. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, milisekunde 20 ni sawa na biti 192, lakini mstari mweupe, kama ilivyoelezwa, una biti 29 tu pamoja na alama yake ya mwisho. Mtumaji alipaswa basi kuongeza sifuri 163 zisizo na maana yoyote kabla ya alama hiyo, ili kumpa mpokeaji nafasi ya kusogeza karatasi. Mashine ya faksi ilifanya hivyo bila mtu kujua, lakini programu ya kompyuta iliyosahau kujaza sifuri hizo ilituma ukurasa uliobanwa vizuri sana ambao mpokeaji hakuweza kuuchapa.

Ugumu wa pili ulihusu mgawanyo wa kazi kati ya kompyuta na modemu. Modemu za Daraja la 1 zilishughulikia milio peke yake na kuiachia kompyuta mazungumzo yote ya T.30, ilhali zile za Daraja la 2 ziliyaendesha mazungumzo hayo zenyewe na kuiachia kompyuta picha na maamuzi makubwa. Daraja la 1 liliipa programu uhuru zaidi, lakini liliidai wepesi ambao Unix haikuahidi. Baada ya mtumaji kutangaza kasi aliyoichagua, kwa mfano, T.30 inamtaka anyamaze kwa milisekunde 75, kukiwa na ruhusa ya kuzidi au kupungua milisekunde 20 tu, kisha aanze kutuma ishara za majaribio za kasi hiyo. Kompyuta inayowahudumia watu wengi kwa zamu huweza kuichelewesha programu moja kwa muda mrefu kuliko huo bila mtu yeyote kugundua, na katika kazi nyingine ucheleweshaji huo hauna madhara, lakini katika faksi unatosha kukata mawasiliano. Daraja la 2 nalo lilikuwa na kasoro yake: watengenezaji wengi walilifuata likiwa bado rasimu, kila mmoja kwa namna yake, kiasi kwamba kiwango rasmi kilipotoka kililazimika kuitwa Daraja la 2.0 ili kitofautishwe na lile lililokwisha kuenea. HylaFAX iliyakubali madaraja yote matatu, na kila aina ya modemu ikapewa faili lake la maelekezo, ili tabia za modemu fulani zisilazimishe kubadilisha programu yenyewe.

Yaliyobaki upande wa kutuma yalikuwa ya foleni, na Unix ilikuwa na uzoefu nayo tangu zamani. Kila kazi iliandikwa katika faili la maandishi la kawaida lenye namba ya simu, jina la mwenye kazi, saa ya kutumwa na idadi ya majaribio yaliyokwisha kufanyika. Laini ikiwa na mazungumzo, kazi iliahirishwa na kujaribiwa baadaye. Simu ikikatika katikati ya waraka, kurasa zilizokwisha kupokelewa hazikurudiwa. Majaribio yakiisha bila mafanikio, mwenye kazi alipelekewa barua pepe yenye maelezo ya sababu. Mtumaji hakulazimika kusimama kando ya mashine akisubiri laini ipatikane, na faida hiyo pekee ilitosha kuuhalalisha mfumo.

Upande wa kupokea ulianza vizuri. Programu iitwayo faxgetty ililinda laini ya simu, ikapokea simu iliyoingia, ikatambua kama mpigaji ni faksi au kompyuta inayotaka kuingia katika mfumo, kisha ikauhifadhi waraka katika faili la TIFF ambalo, kwa mpangilio wa kawaida, halikuweza kusomwa na kila mtu. Uangalifu huo ulikuwa na maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa karatasi iliyotoka katika mashine ya ukumbini ilisomwa na kila aliyepita. Lakini baada ya hapo seva ilikwama, kwa sababu ndani ya mazungumzo ya T.30 ya wakati huo hapakuwa na mahali pa kuandika jina la mpokeaji. Mpigaji alitaja namba yake mwenyewe, yenye herufi zisizozidi 20, na hata hiyo iliandikwa na mwenye mashine kwa mkono, mara nyingine kimakosa na mara nyingine isiandikwe kabisa. Jina la mtu aliyekusudiwa lilikuwa juu ya ukurasa, katika picha, mahali ambapo binadamu huliona mara moja na kompyuta huona nukta tu.

Njia za kulikwepa tatizo hilo zilikuwa kadhaa, na kila moja ilikuwa na bei yake. HylaFAX ilitangulia kumpelekea barua pepe msimamizi wa faksi, aliyeufungua waraka na kuugawa, kama alivyofanya karani wa masjala kabla ya kompyuta. Msimamizi aliweza pia kuandika kanuni kwamba faksi zote kutoka namba fulani, au zilizoingia kwa modemu fulani, zipelekwe kwa mtu au idara fulani, jambo lililofaa kwa wateja wa kudumu lakini si kwa mgeni. Mahali ambapo kampuni ya simu iliruhusu namba nyingi kuingia katika laini chache na kuitajia seva namba iliyopigwa, kila mtumishi aliweza kupewa namba yake, na hapo ndipo ugawaji ulipofanyika bila mkono wa mtu. Baadaye viwango vya kimataifa viliongeza anwani ndogo ambayo mtumaji angeweza kuitaja wakati wa simu, lakini mafanikio yake yalitegemea mashine ya mtumaji iwe na uwezo huo na mtumaji mwenyewe akumbuke kuiandika.

Uzito wa HylaFAX haupo basi katika kuifanya kompyuta iige mashine ya faksi, bali katika kuonyesha ni sehemu gani ya faksi inayoweza kubebwa na mtandao na ni ipi isiyoweza. Kutuma kuligeuka kuwa huduma ya kawaida kwa sababu mtumaji aliketi ndani ya mtandao, akiwa na jina, foleni na barua pepe yake. Kupokea kuliendelea kutegemea watu wa nje na mashine zisizojua habari za mtandao huo, na kwa vile faksi ilibuniwa kuunganisha laini mbili za simu wala si watu wawili, hakuna ustadi wa upande wa seva ambao ungeweza kuijaza anwani ambayo mtumaji hakuitaja.