Kujaza Rangi si Kusawiri

Wazazi wengi huniuliza juu ya vile vitabu vya watoto vya kupaka rangi, ambavyo picha imekwisha kupigwa chapa kwa mistari myeusi na kazi ya mtoto ni kujaza tu. Swali lao huwa moja: yafaa au haifai? Jawabu yake si ndefu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kufanya picha. Ibn Abbas akamsomea onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), kisha akamwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Na katika vya kuchezea watoto wanazuoni wengi wamelegeza, kwa khabari ya Bibi Aisha (r.a.) na wanasesere wake. Basi mlango wa miti, matunda, bahari na majumba u wazi, wala hapana haja ya kubishana juu yake.

Lakini kuna swali la pili ambalo sijaulizwa hata na mzazi mmoja: vitabu hivyo vyamfundisha mtoto nini?

Tazama vizuri. Mtoto husifiwa kwa kutovuka mstari. Mstari wenyewe si wake, umepigwa na mtu asiyemjua, pengine katika nchi ambayo embe halijapata kuonekana mtini. Rangi ni moja kutoka ukingo hata ukingo: jani kijani, jua manjano, bahari buluu. Akitimia miaka kumi na miwili, mpe karatasi tupu umwambie, "Mwanangu, nichoree embe hilo lililoko mezani." Atakuchorea embe la kitabuni, na lile la mezani hatalitupia jicho hata mara moja. Kisha atasema hana kipawa, na baba yake atamsadiki.

Kwa ajili hii mimi hupenda kutenga maneno mawili. Kupiga mstari na kuujaza rangi nakuita kutia nakshi. Kuonyesha kitu kwa nuru yake na kivuli chake nakuita kusawiri. Na wala sisemi kuwa nakshi ni duni. Sisi watu wa pwani tuliozaliwa nyuma ya milango ya nakshi hatuwezi kusema hivyo. Ila ni elimu mbili mbalimbali, na anayetaka kutoka hii kwenda ile ajue kuwa atavuka mto.

Waturuki waliuvuka, na nyayo zao zaonekana. Kwao mpambaji wa vitabu aliitwa nakkaş, neno la asili moja na nakshi yetu. Bingwa mmoja alikuwa Matrakçı Nasuh, aliyeandika na kupamba kitabu cha safari ya vita ya Sultan Süleyman kwenda Iraq, 1534 hadi 1536. Humo mna miji: Istanbul, Halab, Tabriz, Baghdad. Hamna mtu hata mmoja. Mna kuba, minara, madaraja, miti na mito, kila kimoja kwa mstari safi na rangi iliyolala sawasawa. Jengo hili limetazamwa kwa mbele, lile kwa juu, jingine limelala ubavu. Kivuli hakuna, kwa hivyo huwezi kujua ni asubuhi au ni jioni. Nasuh hakutaka ujue. Alitaka uujue mji, kila kitu mahali pake, na mistari yake yote ilikuwa yake mwenyewe. Hapo ndipo alipo mbali na kitabu cha kujaza rangi.

Basi usawiri waongeza nini? Wauongeza ule wakati, saa ya mchana na upande wa jua. Na elimu ya jambo hili haikuwa ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, alieleza katika Kitab al-Manazir kuwa jicho huona kwa nuru inayotoka kwenye kitu na kuliingia. Alihesabu mambo 22 ambayo jicho huyatambua, na akasema kuwa nuru na rangi ndizo zinazohisiwa kwa jicho tupu, na yaliyobaki, kama umbo, ukubwa na masafa, akili huyapata kwa kupima na kulinganisha. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na katika karne ya 15 Ghiberti, fundi wa Florence, alikinukuu kwa wingi katika maandishi yake. Ajabu ni kwamba wenzetu walioandika hayo walibaki na nakshi, na waliosoma tafsiri wakasawiri.

Katika karne ya 19 vijana wa shule za kijeshi za Istanbul walifundishwa kuchora kwa ajili ya ramani na ngome. Baadhi yao wakashika rangi za mafuta, wakanakili picha za kamera za bustani na mabirika ya kasri ya Yıldız. Kazi zao ni nadhifu, kimya, hazina mtu. Wako wanaozipenda sana. Mimi naziona ni kitabu cha kujaza rangi kwa rangi ya ghali: mstari umeazimwa kwenye kamera badala ya mpiga chapa. Kubadilisha penseli kwa mafuta na karatasi kwa kitambaa hakukumfanya mtu msawiri.

Aliyevuka kweli ni Şeker Ahmed Paşa (1841–1907). Şeker ni sukari. Aliitwa hivyo kwa upole wake. Sultan Abdülaziz alimpeleka Paris kusoma, akarudi, na mwaka 1873 akafanya maonyesho ya picha mjini Istanbul. Alisawiri matunda, maua na misitu. Picha yake inayotajwa zaidi ni ya mkata kuni msituni. Mtu na mnyama wake wamo (na hapo wanazuoni wana maneno yao), lakini ni wadogo hata wakaribia kumezwa. Mwenye picha ni msitu. Humo hukuti mstari uliozungushwa jani. Wakuta kiza kizito, na mahali pachache nuru imepenya ikaangukia shina.

Na kuna kasoro, ikiwa ni kasoro. Mti wa mbali upande wa kulia waonekana kana kwamba u karibu kuliko mkata kuni mwenyewe. Mhakiki wa Kiingereza John Berger aliliandika hilo zamani, na akaona kuwa ndiyo siri ya picha, maana mtu aliye ndani ya msitu huuona msitu hivyo. Mimi nakubaliana naye, na nazidisha: hapo Nasuh angali hai katika mkono wa Ahmed. Jicho limesoma Paris, lakini moyo wataka kila mti upewe haki yake, wa karibu na wa mbali. Angeliufuata ufundi wa Paris bila ya kubakisha kitu, tungepata msitu sahihi zaidi na usiotisha.

Baada yake alikuja Hoca Ali Rıza (1858–1930), mwalimu, aliyezisawiri njia, miti na pwani za Üsküdar. Hakuhitaji vitambaa vikubwa. Kuna karatasi zake za penseli tupu zenye jua kuliko picha nyingi za mafuta.

Mzazi asiyekuwa na fedha na alizingatie hilo. Chukua limau moja, uliweke juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, na funga madirisha mengine. Mpe mtoto kipande cha kaa la jikoni na karatasi yoyote, na mkataze kuzungusha mstari. Afinye macho nusu, atafute mahali penye weupe mno, kisha penye weusi mno, kisha pa katikati. Akipake kiza tu. Limau litajitokeza lenyewe. Upande wa kivuli ataona ukingo umepotea ndani ya kitambaa. Atakujia analalamika kuwa haoni limau laishia wapi. Mwambie aache papotee vivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyopaona.

Rangi zingoje. Akiweza limau kwa kaa, mpe rangi moja na nyeupe, alisawiri tena limau lile lile asubuhi na alasiri, azibandike karatasi mbili ukutani pamoja, na wewe umuulize ni ipi ya asubuhi.