Njia ya Hewa Chini ya Kiti

Ukiteremka bonde la Lambwe kwa gari, wenyeji watakuambia jambo moja kabla hata hawajakusalimia vizuri: pandisha vioo. Mbung'o wa huko hawangoji mtu asimame. Hufukuza chochote kikubwa kinachosogea, na gari linalojikokota kwenye njia za Hifadhi ya Taifa ya Ruma kwao ni nyati tu mwenye magurudumu. Vitambaa vya buluu na vyeusi utakavyoviona vimetundikwa vichakani si nguo za mtu. Ni mitego yao. Basi unafunga vioo, unatoa jasho, unavumilia, ukitumaini kwamba korongo, wale paa wakubwa ambao nchini Kenya wamebaki Ruma peke yake, watajitokeza upesi ili ugeuze gari urudi.

Sasa vumilia hivyo ndani ya Volkswagen Beetle ya miaka ya sabini mwanzoni, huku betri ikiwa chini ya makalio yako.

Hilo si kosa la fundi wa kijijini. Ndivyo gari lilivyotoka kiwandani: injini nyuma, tangi la petroli mbele, na betri chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Mwendo wake sina neno nao. Gari hilihili lilishinda Safari Rally mwaka 1954, likarudia 1957 na 1962, kwenye matope yaliyowashinda wakubwa. Lakini tangu lilipopewa umeme wa volti 12 kwa matoleo ya 1967, regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, nayo iliondolewa juu ya dainamo ikahamishiwa chini ya kiti kilekile, upande wa kushoto. Regyuleta ya zamani ina ncha zinazogusana na kuachana, na kila zinapoachana hutoa cheche. Betri inayochajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni. Ni kama kuhifadhi petroli na kiberiti kabati moja, kisha ukaketi juu ya kabati.

Mwenye gari ninalolizungumzia ni mwalimu mstaafu. Kilichomfikisha gereji si hofu ya mlipuko bali leso. Mkewe alikuwa ameisukumiza chini ya kiti, na alipoitoa baada ya wiki mbili ilikuwa na matundu kama chujio. Tena ndani ya gari kulikuwa na harufu ya mayai viza, hasa wakitoka safari ndefu. Harufu hiyo si ya haidrojeni, maana haidrojeni haina harufu wala rangi. Inatokana na asidi ya betri inayoteseka kwa chaji nyingi. Niliiona kama bahati: ile hatari isiyonuka ilikuwa imekuja na jamaa yake anayenuka.

Fundi tuliyempelekea ana kibanda kando ya barabara ya Homa Bay kwenda Mbita, na suruali yake ina matundu sawa na ya ile leso. Nilidhani atakimbilia kutoboa sakafu. Hakugusa hata drili. Alifungua milango yote miwili, akang'oa kiti, akakaa pembeni karibu nusu saa akinywa chai. Nikamuuliza, "Mzee, tunangoja nini?" Akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "iache ipumue kwanza."

Ilipokwisha kupumua akapima. Injini ikiwa imechangamka, mita ilionyesha volti 15 na kitu, ilhali ilitakiwa isipande sana kupita 14. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Mwingine angeiundia hewa njia ya kutokea na kuacha betri iendelee kuchemka. Yeye alirudi kwenye chanzo. Alifungua kifuniko cha regyuleta, akakikunja kijilimi cha springi kwa koleo yenye ncha nyembamba, kidogo mno, nisione kama kimesogea. Akapima. Akakunja tena. Mara ya nne mita ikatulia kwenye 14.1.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Umeme wa ampia moja ukipita kwa saa nzima kwenye betri iliyokwisha kujaa, seli zote sita kwa pamoja hutoa karibu lita mbili na nusu za haidrojeni. Hewa yenye haidrojeni asilimia 4 tayari inaweza kushika moto. Uwazi wa chini ya kiti ukiwa na ujazo wa lita 100, lita nne zinatosha. Ampia tano kwa saa moja, mwendo wa Homa Bay hadi Mbita ukiwa huna haraka, zinatoa zaidi ya lita 12.

Bati la chini ya betri lilikuwa limeliwa, limefanya unga mweupe. Alikoroga magadi kwenye maji, magadi yaleyale ya kulainishia mboga, akamwaga. Bati likatoa povu na kuchachatika. Alirudia mpaka povu likakoma, akiwa tayari ameitoa betri na kuiweka mbali, maana tone la magadi likiingia ndani ya seli linaanza kuiharibu asidi yenyewe.

Kisha likaja sanduku. Alichukua mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, ule wa lita 20, akaukata katikati na kuuvalisha betri kama kofia. Plastiki ile haiogopi asidi, tena haipitishi umeme. Hilo la pili si dogo kwa Beetle, kwa sababu springi za kiti mtu mnene akikalia hushuka hadi kwenye vichwa vya betri, na viti vingi vimewahi kuungua kwa njia hiyo. Tundu la kutolea hewa alilitoboa juu kabisa kwenye kona, kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 na hukimbilia darini. Tundu la kuingizia hewa safi akaliweka chini, kona ya mkabala, ili hewa ipite juu ya betri yote kabla ya kutoka.

Mpira wa kutolea hewa ulikuwa ule mwangavu wa waashi, wanaoujaza maji kupimia usawa wa msingi. Kwa nini huo? Kwa sababu ukiziba utaona. Aliupitisha kwenye tundu la sakafu lililozungushiwa pete aliyoichonga kwenye kipande cha tairi la akala, ili makali ya bati yasiukate. Nilipinga hapo. Kama haidrojeni hupanda, itakubalije kushushwa chini ya gari? Hakunijibu kwa maneno. Aliukata mwisho wa mpira mshazari, mdomo ukatazama nyuma, akachovya mpira mwingine wa namna hiyo kwenye kikombe cha chai na kupuliza kwa nguvu kukatiza mdomo wa juu. Chai ikapanda. Betri hutoa hewa nyingi injini ikichaji, na injini ikichaji kwa kawaida gari linakwenda. Upepo wa chini ya gari ndio unaofyonza. Gari likilala, betri nayo imelala. Na ukiichajia nyumbani, alimwambia mwalimu, ng'oa kiti, fungua milango, zima chaja kwanza ndipo uguse nyaya.

Mwisho alipaka sabuni kwenye viungo vyote, akapuliza kwa mdomo. Kiungo kimoja kilitoa mapovu madogo. Alikifungua akaanza upya, ingawa mwalimu alishatoa pesa mfukoni na jua lilikuwa linaelekea ziwani.

Kazi yote imejificha. Kiti kiliporudishwa, gari lilionekana kama lilivyokuja, ila harufu haikuwapo. Mwezi mmoja baadaye tuliingia Ruma, vioo juu, mvua ikiwa imegeuza udongo mweusi kuwa gundi. Tulipotoka tulipita kwa fundi. Hakuuliza kama tumeona korongo. Alipiga magoti nyuma ya gari, akauchungulia ule mpira: mdomo wake ulikuwa umezibwa na tope, na ndani kidogo nyigu alikuwa ameshaanza kujenga. Akang'oa spoku kwenye gurudumu la baiskeli bovu lililoegemea ukuta, akazibua, akapuliza, akasikiliza. Halafu akaifuta spoku kwa suruali yake yenye matundu na kumpa mwalimu aichomeke nyuma ya kile kibao cha kukinga jua.