Wageni Mjini Mwetu

Ndugu msomaji, imezuka dasturi mpya katika miji yetu ya pwani: mtu hufunga mlango wa nyumba yake, akachukua mkoba, akaenda kulala hotelini katika mji ule ule aliozaliwa. Wenyewe huiita mapumziko. Zamani, mtu akilala nje ya kwake ilhali yumo mjini, watu wakiuliza amegombana na nani.

Watoto wangu, Mungu awajaze kheri, walituchangia mimi na mama yao usiku mmoja katika mojawapo ya hoteli za fakhari za Mji Mkongwe wa Unguja. Ulikuwa msimu wa masika, wageni wa Ulaya wamepungua, na hoteli wakati huo huwapunguzia bei wakaazi. Kutoka kwetu Michenzani hadi mlangoni pake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, hata ukisimama Darajani kuamkiana na watu. Jina la hoteli sitalitaja, kwani kusudi langu si kuharibu riziki ya mtu. Walakini nyumba yenyewe naijua. Chumba cha chini, mkono wa kulia ukishapita daka, ndicho kilichokuwa chuo chetu. Pale ndipo nilipofundishwa alifu na be, na pale ndipo nilipopigwa fimbo kwa kusinzia.

Niseme kwanza lililo zuri, maana uadilifu ndio huo. Nyumba imetengenezwa na watu waliojua kazi. Nyumba zetu hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa. Ukiupaka saruji unauziba pumzi, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na siku moja unaanguka bila ya kukuaga. Hapa sikuona saruji ukutani. Boriti za dari ni za mikoko, na vyumba vimeachwa na wembamba wake wa asili, kwani boriti ya mkoko haikubali chumba kipite mita tatu au zaidi kidogo. Zidaka zimepakwa upya kwa mkono mwepesi. Mlango wa nakshi umesafishwa, si kupakwa rangi ya kung'aa kama tunavyoona kwengine.

Na hilo si jambo dogo. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizuii mvua. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka upande wake tarehe 25 Desemba 2020 huku ikitengenezwa, na mafundi wawili wakafa. Ikiwa jumba la Serikali limefikwa na hayo, seuze nyumba ya mirathi yenye warithi thelathini, kila mmoja akimngoja mwenziwe anunue chokaa? Kwa hiyo mwenye kusema kwamba hoteli zote ni khasara, na atuonyeshe yeye nani angeziezeka.

Basi tulifika mlangoni. Kijana wa mapokezi, amevishwa kanzu na kilemba ambacho babu yangu angekicheka, akatupokea kwa sauti kubwa: "Jambo! Karibuni Zanzibar!" Mimi nikamwitikia: "Ahsante, mwanangu, nasi tumekaribia kitambo." Akatahayari, akaniamkia shikamoo kama ipasavyo. Nilimsamehe papo hapo, ndivyo alivyofundishwa. Kisha akatupa karatasi ya kujaza, na moja ya maswali yake lilikuwa: je, umepata kufika hapa kabla? Niliacha pengo.

Sasa nifike kwenye lawama yangu. Mtu aliyejenga nyumba za namna hii alikuwa na elimu ya adabu kabla ya kuwa na elimu ya mawe. Baraza ya nje ni ya mpita njia, awaye yote; anakaa, anapumzika, anakunywa kahawa, wala haulizwi jina. Daka ni la anayejulikana, apigaye hodi akangoja ajibiwe. Sebule ni ya mgeni wa heshima. Ndani ni kwa watu wa nyumbani. Hata milango imepishwa, ili aliye njiani asione uani. Yaani kadiri unavyoingia ndivyo sitara inavyozidi, na kadiri unavyotoka ndivyo ukarimu unavyozidi.

Hoteli imeigeuza nyumba hii nje ndani. Baraza imejazwa vyungu vya maua, kimoja kimoja, kwa ustadi, hata hapana nafasi ya kukaa mtu mzima. Mlinzi amewekwa amwulize mpita njia anamtafuta nani. Kule ndani kabisa, ambako hata mjomba alikuwa akikohoa kabla ya kupanda ngazi, kumefunguliwa kwa yeyote mwenye fedha. Chumba chetu kiliitwa chumba cha binti mfalme. Bafu limewekwa katikati ya chumba, wazi, mbele ya kitanda. Mbao za dirisha zimeondolewa, pametiwa kioo, na kioo kinatazamana na dari ya jirani ambako watu wanakunywa wanayokunywa. Mama watoto alioga kwa kuzima taa. Aliponiuliza, "Huyo binti mfalme alikuwa hana haya?" nilikosa la kumjibu. Hayo ya vinywaji sitayasema sana, kila msomaji anayajua; ila adhana ya magharibi ilipoanza, muziki haukupunguzwa hata kidogo.

Kuna pia kijitabu kilichowekwa kitandani, kinachosimulia tarikh ya nyumba. Kinasema misumari ya shaba mlangoni ni ya kuzuia ndovu. Ndovu gani, ndugu zangu, ameranda Unguja? Ada ile watu huinasibisha na Bara Hindi, huku ikabaki pambo. Chumba cha chini kinaelezwa kuwa kilikuwa ghala ya pembe. Yumkini kilikuwa, siwezi kukataa. Lakini kijitabu kinataja pembe na hakitaji mabega yaliyozibeba. Biashara ya watumwa kwa bahari ilikatazwa hapa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa sheria yake mwaka 1897. Mwandishi ameyaruka hayo yote. Ameruka pia mwaka 1964, na familia zilizoingizwa katika nyumba hizi baada ya Mapinduzi, zikapika na kuzaa na kuzika humo, kisha zikatoka kupisha matengenezo. Kwa kijitabu hicho, nyumba ilikuwa na tajiri mmoja, halafu usingizi mrefu, halafu hoteli. Chuo chetu hakimo. Mahali tulipokuwa tukiweka mbao zetu panauzwa sabuni za karafuu.

Nilikumbuka Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 pale Shangani, lililokuwa ofisi za Serikali na mwaka 2015 likafunguliwa kuwa hoteli. Kamati ya Urithi wa Dunia ilikuwa imeeleza wasiwasi wake juu ya jengo jipya lililojengwa ubavuni mwake. Jina lenyewe limewaambia watu wasiige, nao wameiga.

Hata hivyo sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na waliozitoa walitaka zifae misikiti na maskini. Wangapi katika wapangaji wetu wanalipa kodi yake kwa wakati? Na ile fedha ya watoto wangu, kusema kweli, ingetosha kupiga chokaa uwanda wa nyumba ya shangazi yao. Nilikula kifungua kinywa chao cha sahani saba huku nikilifikiria hilo, na nusu ya sahani zikarudi jikoni.

Asubuhi nilimwendea meneja, mtu mpole kutoka bara, nikamweleza juu ya chuo. Hakunipuuza. Alitoa daftari akaniuliza jina la mwalimu wetu, akaliandika kwa kulikosea, nikamsahihishia herufi. Kuhusu baraza alisema vyungu haviwezi kuondolewa, kwa sababu watu wakikaa pale wageni hulalamika.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeshika. Mzee mmoja mwenye kikapu cha samaki alikuwa amejibanza mlangoni kujikinga, mgongo umegusa misumari ya shaba, miguu yake katikati ya maua. Tulimsalimu, tukasimama naye mpaka ikapungua.