Taaluma si Idara: Kasoro katika Istilahi za Tathmini

Katika maandishi ya vyuo vikuu vyetu, istilahi tatu hutumiwa mara nyingi kana kwamba zina maana moja: taaluma, somo na idara. Kwa maoni yetu kasoro hii si ndogo, kwani anayechanganya majina ya vitu huishia kupima kimoja na kutoa hukumu juu ya kingine.

Idara ni chombo cha utawala chenye mkuu, bajeti na ofisi. Somo ni sehemu ya maarifa iliyopangwa kwa ajili ya kufundishia. Taaluma ni jumla ya maarifa yenye mbinu zake za uchunguzi, dhana zake na istilahi za kuzielezea.

Historia ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yabainisha tofauti hiyo. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, ikafundisha kwa Kiswahili chenyewe. Haja ya kufundisha ndiyo iliyofanya istilahi kama isimu, fonimu na mofimu zizoeleke darasani. Mwaka 2009 Idara iliunganishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ikapatikana Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Chombo kilibadilika, taaluma iliendelea, kwa kuwa wahitimu walikwisha kuieneza mashuleni pamoja na istilahi zake.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iliundwa kwa Sheria ya mwaka 2005. Ithibati huangalia wahadhiri, mitaala, maktaba na maabara. Vigezo hivi ni vya lazima, lakini vingi vyapima uwezo wa idara. Bado liko swali la taaluma yenyewe.

Tuchukue mhitimu wa baiolojia aliyepangiwa kazi Mkata, wilayani Handeni. Mkulima wa mahindi atamwuliza kwa Kiswahili. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hufundisha sayansi kwa Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka 1990, lakini mhitimu huyo amesoma kwa Kiingereza tangu sekondari. Akishindwa kueleza ugonjwa wa mmea, cheti chake kitamfaa nini mkulima?

Tunapendekeza, basi, ripoti zitenganishe tathmini ya idara na tathmini ya taaluma. Hii ya pili ioneshe istilahi za Kiswahili zilizoundwa, zilizosanifiwa na Baraza, na zile ambazo wahitimu huzitumia kazini.