Kupanga Safari kwa Saa za Jua

Kariakoo, Barabara ya Msimbazi, spika za wachuuzi hurudia bei ileile bila kupumua, na bodaboda zinapita zikipiga honi. Mwenye masikio hapo humfokea hata aliye begani kwake. Viziwi wawili husimama mmoja huku, mwingine ng'ambo, wakapatana kwa mikono nani aende duka la fedha kutafuta shilingi za Kenya na nani afuatilie pasi za kusafiria. Hakuna linalopotea.

Anayepanga safari ya kundi lao kwenda Nairobi ana ufundi ninaoustahi. Kwa haraka utadhani kazi yote ni kupata mkalimani. Mkalimani ni lazima, tena wawili wa kupokezana, maana baada ya nusu saa hivi akili na mikono huchoka. Lakini fundi huanza na jua. Basi la usiku likizima taa, gumzo la watu ishirini limekwisha hadi alfajiri. Kwa hiyo safari huikata Arusha. Siku ya kwanza wanaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, kungali giza, wapite Chalinze, Segera na Same; ya pili wavuke Namanga mchana kweupe. Usiku wa gesti unaongeza gharama, na manung'uniko hayakosi. Anayanyamazia.

Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani tangu 2018, lakini ofisa anaweza kuuliza swali huku ameinamia kompyuta. Basi kila msafiri hubeba karatasi iliyochapwa: anakwenda wapi, siku ngapi, analala wapi. Huikabidhi pamoja na pasi na kadi ya homa ya manjano.

Ugumu wenyewe uko kwenye matembezi. Mwongozaji aliyezoea wanaosikia huonyesha jengo huku anaeleza. Kwa viziwi, ama utazame mikono, ama utazame jengo. Kwa hiyo maelezo hutangulia, mikono ishuke, watu wageuke, watazame washibe, ndipo maswali yaanze. Kituo cha nusu saa kinakula saa nzima. Wageni wa kazi hii hujaza ratiba, fundi hufuta.

Mimi nisingefuta Bunge la Kenya. Katiba yao ya 2010, ibara ya 120, imeiweka lugha ya alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Ila alama zao si zetu. Ndiyo maana hutafutwa mwenyeji kiziwi wa Nairobi, wakazoeana naye kwa simu za video kabla ya safari, na bando hilo liingie kwenye bajeti.

Hotelini, kugonga mlango ni kazi bure. Simu hutegwa itetemeke chini ya mto, na mwenye usingizi mzito hupangiwa chumba na yule anayeamka kabla ya jogoo.